Kichwa cha Nyumba na Sindano

Mama alifariki Jumanne asubuhi, kabla hajamaliza pindo la gauni la mteja. Cherehani tuliikuta bado ina uzi wa bluu, na simu yake imeegemezwa kwenye kopo la vifungo kama alivyoiacha. Pindo lile nililimalizia mimi. Lilikwenda upogo kama mlevi anayerudi nyumbani, lakini mteja alilipokea na akalipa yote.

Nayaandika haya nisije nikasahau jinsi nyumba yetu ilivyokuwa na kelele.

Baba ni seremala mstaafu. Mtandaoni anajulikana kama Kichwa cha Nyumba, na wafuasi wake ni maelfu, wengi wao vijana wa kiume wanaopenda kuambiwa kwamba mwanamume ni mwanamume na jikoni si kwake. Mama naye alikuwa na ukurasa wake, Sindano. Wafuasi wake walikuwa wachache kidogo, ila midomo yao ilikuwa mirefu zaidi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Kichwa cha Nyumba alitoa hoja, Sindano akamjibu, na watu wakaacha kufua ili wasome. Hakuna aliyejua kwamba mahasimu hao wawili walikuwa mume na mke, tena waliooana miaka thelathini na minne.

Wala hawakujua kwamba Baba hawezi kuandika kwenye simu. Vidole vyake vimeota sugu za randa na msumeno, kioo hakivisikii kabisa. Kwa hiyo yeye alikuwa akisema na Mama akiandika.

"Andika: mke mwema hapandishi sauti."

"Sikusikii, mzee wangu, cherehani inapiga kelele."

"MKE MWEMA HAPANDISHI SAUTI!"

"Haya, na majirani wamesikia. Endelea."

Mama hakupunguza hata neno. Tena pale Baba alipolegea, alimkazia. "Hapo umepoa. Tuweke 'jeuri'." Akimaliza, alitoka kwenye ukurasa wa Baba, akaingia kwenye wake, akamchana bila huruma. Baba alisubiri kusomewa jibu huku amekunja mikono. Akiona ameshindwa, alilalamika kwamba chai imepoa.

Siku moja Mama alisahau kubadilisha ukurasa. Jibu lake likatoka kwa jina la Kichwa cha Nyumba mwenyewe: "Mzee, acha porojo. Soksi zako unafuliwa, halafu unajiita nguzo?" Mfuasi mmoja akauliza kama mzee anaumwa. Mwingine akatangaza kwamba maneno hayo yamemgusa na sasa yuko bombani, anafua soksi zake. Baba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Usifute," alisema. "Waache wafue."

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, ilipofika saa nne, Baba alikaa kwenye kiti chake na kunipa simu ya Mama.

"Funga kurasa zote, mwanangu. Mchezo umekwisha. Nitabishana na nani, na ukuta?"

Sauti ya Mama hatukuwahi kuirekodi. Maneno yake ya miaka sita, matani yake, hasira zake, vyote vilikuwa mle kwenye Sindano. Nikifunga, ningebaki na nini? Kopo la vifungo?

"Baba, wa Mama tuuache."

"Nikiuona umekaa kimya vile, unanichoma. Funga."

Nikamwomba nimsomee kwanza walivyoandika watu wiki ile. Kusema kweli nilikuwa navuta muda. La kwanza lilikuwa la kijana anayejiita Dume Halisi, shabiki wake mkubwa kuliko wote: "Sindano leo kimya! Hongera, Mzee, umemnyamazisha. Mwanamke anatakiwa awe hivyo."

"Soma tena," Baba akasema.

Nikasoma tena. Akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye stuli ya Mama mbele ya cherehani. Sikuwa nimewahi kumwona ameikalia maisha yangu yote.

"Andika. Ukurasa wa mama yako."

"Niandike nini?"

"Andika: Mimi ni mume wa Sindano. Alifariki Jumanne. Hakunyamazishwa na mtu. Mimi mwenyewe nilijaribu miaka thelathini na minne, nikashindwa. Kichwa cha Nyumba ni mimi, na kila neno langu mlilolishangilia, aliliandika yeye. Yale makali zaidi alinitafutia yeye."

Niliandika huku herufi zinaniyeyukia machoni. Baba hakuwa amemaliza.

"Sasa huyu kijana. Mama yako angemwambiaje?"

"Angemuuliza ni nani aliyemfundisha kuongea."

Baba akapiga meza, vifungo vikaruka. "Hiyo hiyo! Andika: Dume Halisi, aliyekufundisha kuongea ni mwanamke. Angekaa kimya, mpaka leo ungekuwa unalia tu."

Tukaangua kicheko. Shangazi, dada yake Baba, akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nyie! Matanga hata hayajaisha, mnacheka?"

"Tunaandika, dada. Kaa. Na wewe una lako la kusema?"

Alikuwa nalo. Alikuwa nayo mengi, tena tangu zamani, na mengi yalimhusu Baba.

Mchana rambirambi zilimiminika kwenye kurasa zote mbili. Mwishoni akaja Dume Halisi: "Pole sana, Mzee. Nimempigia mama simu. Ameniuliza kama nimekula."

Sitasema Baba amebadilika. Bado anaamini jikoni si kwake, na wiki iliyopita alilisema hilo akiwa amebeba sufuria. Ila ukurasa wa Mama upo. Baba hutoa hoja yake akiwa kwenye kiti, kisha huhamia kwenye stuli, akafumba macho, akatafuta Mama angesema nini. Mimi naandika, na juu naweka: Kwa niaba ya Sindano. Akilegea namwambia, "Hapo umepoa, Baba." Kwenye stuli huwa mkali kuliko kwenye kiti, na yule wa kwenye kiti hajashinda hata mara moja.

Leo ni Jumamosi. Hoja ni nani apige pasi. Baba ameshasema ya kwake, ameshahamia kwenye stuli, na sasa ameniambia nisubiri kidogo kwa sababu pasi imepata moto na shati lake bado lina mikunjo.