Orodha ya Watoto wa Wangeci

Kinyanjui alifika katika uwanja wa ndege wa Eldoret saa nzima kabla ya ndege kutua. Hakuwahi kuchelewa mahali popote tangu kengele ya shule ya bweni ilipomfundisha, akiwa na miaka kumi na minne, kwamba anayechelewa humwibia anayesubiri. Alivaa suti ya kijivu na tai ya shule, ile yenye mistari ya kijani ambayo kwa miaka hamsini ilikuwa imechujuka ikawa rangi ya majani makavu.

Mkewe, Mwihaki, alikuwa amemsimamisha mlangoni asubuhi ile.

"Baba Irungu, tai ya shule? Unaenda kupokea ndugu yako ama kukagua gwaride?"

"Naenda kupokea wageni."

"Wageni!" Mwihaki alipiga makofi mawili makavu. "Wageni walionyonya ziwa moja na wewe!"

Kinyanjui alikaza tai, akatoka. Mdogo wake, Munene, alikuwa ameondoka miaka ishirini na sita iliyopita kwenda Lowell, huko Marekani, na hakuwa amekanyaga nyumbani tena. Hata mama yao alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, Munene hakuja. Alipiga simu akilia, akaeleza kwamba hana karatasi za kuishi kule, na kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi kwa mke na mtoto wake. Kinyanjui alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtu asiyeweza kumzika mama yake asinipigie simu." Tangu siku hiyo, ndugu hao wawili hawakusemezana.

Sasa karatasi zilikuwa zimepatikana, na binti ya Munene alikuwa akiolewa. Binti mwenyewe ndiye aliyesema harusi ya kimila ifanyike Yamumbi, katika boma la nyanya yake, wala si kwingine. Dada yao, Virginia, anayelima viazi kule Ainabkoi, ndiye aliyebeba maneno huku na huku hadi Kinyanjui akakubali. Ila alikubali akiwa na neno lake moyoni. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Siku ya ngurario, harusi yenyewe ya kimila, hakuna kisu kingegusa bega la mbuzi kabla hajasimama kuitambulisha familia na kutoa ruhusa, na bila bega hilo kukatwa, Wakikuyu hawamhesabu mtu kuwa ameoa. Naye alikuwa ameapa kwamba hatatoa ruhusa kabla Munene hajasimama mbele ya watu wote akaomba msamaha kwa kutomzika mama.

Hilo alikuwa amemwambia Virginia peke yake. Virginia akasema, "Utaharibu harusi ya mtoto kwa sababu ya rula yako."

Neno hilo la rula lilikuwa la mama.

Abiria walianza kutoka. Munene alitoka akiwa wa mwisho, kichwa kimejaa mvi, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Alimwona kaka yake, akaitazama ile tai, na midomo yake ikacheza.

"Kiranja," alisema.

"Munene. Habari ya safari?"

Walishikana mikono kama watu wanaofunga mkutano. Ndipo msichana mmoja alipojitokeza nyuma ya Munene, na Kinyanjui akarudi nyuma hatua moja. Msichana alitembea akiwa ameinama mbele kidogo, kama mtu mwenye mzigo wa kuni mgongoni, ilhali hakubeba chochote ila mkoba mdogo. Alipocheka, pengo la mama yao lilikuwa pale pale, katikati ya meno ya juu.

"Baba mkubwa," alisema, akimpa mikono yote miwili. "Mimi ndiye Wangeci."

Alipewa jina la nyanya yake, kama ada inavyotaka kwa binti wa kwanza. Mwihaki alikuwa amezaa wavulana watupu, wanne. Kwa hiyo mama yao alikuwa amezaliwa upya mahali pamoja tu duniani, ng'ambo, katika nyumba ya Munene. Na ada ilikuwa wazi vilevile kuhusu namna Kinyanjui alivyopaswa kumwita msichana huyo. Alipaswa kumwita *mama*. Munene alingoja. Hata mkewe, Cate, aliacha kuvuta sanduku akangoja.

"Karibu, msichana," alisema Kinyanjui.

Munene aliangalia viatu vyake.

*

Alhamisi, wakati mahema yakisimamishwa uani na mbuzi wakilia nyuma ya ghala, Wangeci aliomba kuiona nyumba ya nyanya yake. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, na Kinyanjui alikuwa akiifagia kwa mkono wake kila Jumamosi.

"Umejifunza wapi Kiswahili?" alimuuliza akigeuza ufunguo.

"Jikoni kwetu. Baba alisema Kiingereza kiachwe mlangoni na viatu. Kwa hivyo marafiki zangu walifikiri sisi ni dini fulani."

Kinyanjui alikaribia kucheka. Ndani kulikuwa na harufu ya moshi wa zamani uliokataa kuhama. Msichana aligusa kila kitu taratibu: kigoda, kibuyu, kalenda ya kanisa ya mwaka ule wa msiba. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

"Hili ndilo! Baba ameniambia habari zake."

Juu ya kifuniko kulikuwa na majina mawili yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe. La kwanza, KINYANJUI, lilikuwa limepigwa mstari. Chini yake kulikuwa na MUNENE. Sanduku hilo walilibeba wote wawili, kwa zamu, kwenda shule moja ya bweni. Munene alipoingia kidato cha kwanza, Kinyanjui alikuwa kidato cha nne, kiranja wa bweni. Yeye ndiye aliyempaka mdogo wake kiwi kwenye viatu siku ya kwanza, akamwonyesha namna ya kutandika kitanda hadi sarafu irukeruke juu ya blanketi.

Na yeye ndiye aliyesimama jioni ile ya Juni na kitabu cha majina. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama yao alikuwa amepanda lori la viazi lililotoka Ainabkoi, nje ya siku za wageni, akasimama nyuma ya ua wa shule na kikapu cha mahindi ya kuchemsha, akawatumia wanawe wote wawili ujumbe. Munene alipenya kwenye ua akamwendea. Kinyanjui hakwenda. Kengele ya kuita majina ilikuwa imelia.

"Munene!" aliita. Kimya. Kupitia dirishani aliuona mgongo wa mama, umeinama mbele kidogo, na kichwa cha mdogo wake kifuani pake. Akaandika: *hayupo*.

Munene alirudishwa nyumbani wiki mbili. Mwalimu mkuu alimsifu Kinyanjui mbele ya shule nzima. Mama hakumkemea. Siku ya kufunga shule alimwambia tu, akimenya viazi, "Wewe mwanangu umenyooka kama rula. Lakini rula haikumbatii mtu."

"Na hiki?" aliuliza Wangeci.

Alikuwa ametoa kitambaa cha kichwa, kitabu cha nyimbo, na kijitabu cha mazishi chenye picha ya mama jaladani. Kinyanjui alinyoosha mkono akachelewa. Msichana alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili.

"'Mama mpendwa wa Kinyanjui na Virginia,'" alisoma. Akainua macho. "Baba mkubwa, mbona Baba hayumo?"

Mzee huyo aliyekuwa meneja wa maghala ya nafaka kwa miaka thelathini bila gunia moja kupotea, mzee ambaye wanawe walimwogopa kwa sababu hakuwahi kusema hata uongo mdogo wa kumridhisha mgeni, alikohoa.

"Ni kosa la mpiga chapa," alisema.

Uso wa Wangeci ulichangamka kwa namna iliyomuumiza Kinyanjui kuliko kofi.

"Kweli? Lazima nimwambie! Shangazi Virginia alimtumia nakala. Yuko nayo ndani ya Biblia. Kila mwaka, tarehe ile, anaisoma mpaka hapa, halafu anaifunga. Nikimuuliza anasema tu, 'Kiranja aliita majina, mimi sikuwepo.' Amefikiri miaka hii yote kwamba mlimtoa makusudi."

"Usimwambie," alisema Kinyanjui haraka mno. "Ngoja... ngoja harusi ipite."

Alipobaki peke yake aliketi kwenye kigoda cha mama, magoti yamegusana na kidevu. Alimkumbuka yule mpiga chapa mjini, kijana mwenye adabu, akimwuliza, "Mzee, hili jina la katikati kweli tutoe?" Akaikumbuka kalamu yake nyekundu. Na jibu lake: "Asiyekuja hayupo."

*

Jumamosi, wageni walifika saa nne. Bwana harusi, Odera, alikuwa amelelewa mtaa wa West Indies mjini Eldoret, mwendo mfupi tu kutoka Yamumbi. Ila ilibidi avuke bahari ndipo aonane na Wangeci. Babake, Mzee Jacktone, mzaliwa wa kando ya ziwa, alikuta lango limefungwa, akina mama wa Yamumbi wakiimba ndani, na Mwihaki amesimama mbele yao mikono kiunoni.

"Nyinyi ni kina nani, na mnatafuta nini?"

"Mama, tumepoteza kifaranga chetu," Jacktone alijibu. "Tumesikia kimeonekana hapa."

"Hapa hatufugi kuku wa watu wa ziwa. Jaribuni kwa jirani."

"Kwa jirani kuna mbwa. Na jua hili, mama, si ungefungua tubishane tukiwa tumekaa?"

Kicheko kikafungua lango. Baadaye wakaletwa wanawake watano waliofunikwa kwa leso kuanzia utosini hadi vidoleni, na Odera akatakiwa amtambue bibi yake; akikosea, atozwe faini. Kijana hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwa wa tatu, akamshika mkono.

"Umechungulia!" wakapiga kelele akina mama.

"Sijachungulia. Mwangalieni anavyosimama. Ameinama mbele, kama mtu anayetaka kumsikia aliye upande wa pili wa ua."

Leso ikafunuliwa, na vigelegele vikapanda. Kinyanjui, akiwa kwenye kiti cha mkubwa, hakuvisikia vizuri. Alikuwa anasikia mvua ya Juni.

Bega la mbuzi lililochomwa likaletwa juu ya majani mabichi, na kisu kando yake. Ukafika wakati wa utambulisho. Virginia, aliyeketi mstari wa mbele, alimkazia macho na kutikisa kichwa: *usifanye hivyo*. Munene alikuwa ameketi mwishoni mwa mstari, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kinyanjui akatambua kwamba Virginia alikuwa amemweleza. Munene alijua kinachokuja, na alikuwa tayari kusimama.

Kinyanjui akainuka. Akanyoosha tai.

"Wageni wetu," alianza, "mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba hii. Kabla ya bega hili kuguswa, kuna jambo lazima lisahihishwe." Akageukia mstari wa mbele. "Mama yetu, Wangeci, alizaa watoto watatu. Siku tuliyomzika, kitabu kilisema wawili. Juzi nilimwambia binti yetu kwamba lile lilikuwa kosa la mpiga chapa. Nilimdanganya. Mpiga chapa aliniuliza mara mbili. Jina la ndugu yangu nililikata mimi, kwa mkono huu, kwa kalamu nyekundu. Wengi wenu mlikuwepo. Nilitaka leo aombe msamaha mbele yenu. Anayetakiwa kuomba ni mimi."

Mbuzi mmoja, aliyenusurika, alilia nyuma ya ghala.

"Nitaita majina upya," alisema Kinyanjui, na sauti yake, ambayo mabweni mazima yaliwahi kuitii, ilikuwa imepasuka kama chungu. "Kinyanjui wa Wangeci. Nipo." Akavuta pumzi. "Munene wa Wangeci!"

Munene alisimama. Mguu mbovu ukaburutwa hadi ukaungana na mwenzake, visigino vikagusana, mikono ikanyooka ubavuni. Mvulana wa miaka sitini na mitatu.

"Nipo!"

Cate akafunika uso kwa kitambaa.

"Virginia wa Wangeci!"

"Nipo tangu zamani, na nyama inapoa!"

Kicheko kililipuka kikichanganyika na vilio, na akina mama wakapiga vigelegele bila kuambiwa. Kinyanjui alingoja vitulie. Kisha akamgeukia bibi harusi, maana swali la ada lilikuwa bado halijaulizwa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

"Mama," alimwita.

Msichana alishtuka, akamtazama baba yake, halafu akamtazama yeye.

"Mama, kijana huyu unamjua? Mbuzi wake tumle?"

"Mleni," alisema Wangeci, pengo likionekana waziwazi katikati ya machozi. "Lakini kwanza mwambie Baba akae. Mguu unamuuma, na hatakaa mpaka umwambie."

Ni kweli. Munene alikuwa bado amesimama wima, kidevu juu, akingoja. Safari hii Kinyanjui hakutoa amri. Basi akakiacha kiti cha mkubwa, akashuka, akatembea mstari mzima mbele ya wageni hadi mwisho wake, akamshika mdogo wake mabega kwa mikono miwili, akamkalisha. Kisha akavuta kigoda cha mama yao, kilicholetwa nje kuongezea viti, akaketi kando yake.

Kutoka hapo ndipo alipoashiria kisu kichukuliwe, bega likatwe.