Tindo Majini

Tupa ilipita juu ya tindo mara ya tatu, ikateleza tena, ikatoa mkwaruzo uliowatia ganzi ya meno wote waliokuwamo karakanani. Hata chembe moja ya chuma haikudondoka.

"Sonara," akasema Gershom, "nilikwambia uilainishe tindo hii niichonge upya. Wewe umenitengenezea bilauri."

Mwinyihaji akaichukua tindo. Alikuwa ameitia tindo motoni hadi ikaiva nyekundu, kisha akaichovya majini ikalia chwaa, kama alivyofanya kwa fedha na shaba miaka thelathini kule Kisauni, na baba yake kabla yake. Chuma kikazidi kukaza. Aliigeuzageuza mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kukosea. Maharusi wa siku hizi walitaka bangili za dukani, nyepesi, za kumetameta. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, hakuna aliyemwagizia hata kikuku. Asubuhi Salem bin Yeslam, mwenye karakana hii ya malori hapa Magongo, alimwambia, "Gershom ndiye fundi mkuu. Akikukubali kabla sijafunga, kazi unayo. Akikukataa, nenda kwa amani." Akikataliwa, kesho yake Faki, mnunuzi wa vyuma chakavu, angekuja kuichukua fuawe ya kufulia fedha aliyorithi Mwinyihaji kwa babu yake. Walikwisha kupatana bei.

"Maji hulainisha," Mwinyihaji akasema.

"Maji hukaza."

"Wallahi hulainisha. Mimi nimezaliwa ndani ya kazi hii, yakhe!"

"Umezaliwa ndani ya bangili." Gershom, Mtaita mwenye viganja kama makasia, aliibana tindo kwenye jiliwa akaipiga nyundo moja tu. Ikakatika ka! Nusu ikarukia chini ya lori. "Watu wa Mwambao! Mwataka kujitenga, na bendera yenu peke yenu, na tindo moja imewashinda!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mwinyihaji naye akacheka kidogo, kicheko cha kuficha uso, macho yakitangatanga ukutani. Hapo akaona mabomba membamba ya shaba yametundikwa.

"Na yale?"

"Ya petroli. Yamekakamaa kwa mitikisiko ya njia. Ukiyakunja yapasuka."

Mwinyihaji akashusha moja, akalitia motoni, akalichovya katika ndoo ileile. Kisha akalizungusha kidoleni kama uzi.

Vicheko vikakatika.

"Umelisomea nini?" Gershom akauliza.

"Bismillahi, basi."

"Lakini umelichovya!"

"Si nilikwambia?"

"Na tindo je?"

"Tindo... sijui."

Wote wawili wakainamia ndoo. Maji yalikuwa maji tu, yenye masizi kidogo juu.

"Sikiza," Gershom akasema. "Chuma kikipoa polepole ndani ya majivu hulainika. Hilo nalijua. Basi shaba ikipoa polepole itakaza. Lazima iwe kinyume."

"Lazima," Mwinyihaji akaafiki. Utotoni, akichelewa kuchovya shaba, baba yake alikuwa akimzaba kofi.

Wakapasha bomba la pili na nusu ya tindo, wakavifukia pamoja katika majivu. Mwinyihaji akaenda kuswali alasiri. Aliswali akili ikiwa majivuni, hata alipotoa salamu hakuwa na hakika kama amemaliza rakaa nne.

Aliporudi wakafukua. Gershom akaanza na tindo: safari hii tupa iliuma, na unga wa chuma ukamwagika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akashika bomba, akaupeleka uso pembeni lisije likampasukia, akalikunja.

Likakunjika kama uzi.

"Haiwezekani," akasema.

Mwinyihaji akamnyang'anya, akalikunja mwenyewe. Laini. Kwa maji, laini. Bila maji, laini. Akazikumbuka ndoo zote alizovuta kisimani, na makofi yote.

"Basi maji yalikuwa ya nini?"

"Waniuliza mimi? Sonara ni nani hapa?"

Salem akaingia, funguo mkononi. "Enhe, Gershom. Kazi aijua au haijui?"

Gershom akajikuna kisogo. "Tindo amenivunjia. Shaba aijua kunishinda. Na sasa hivi, bwana, hatujui sote wawili."

"Sikuuliza hayo. Arudi kesho au asirudi?"

Gershom aliliangalia bomba, akaiangalia tindo, akarudi kwenye bomba.

"Arudi. Lakini chuma asikitie majini mpaka nimwambie."

"Na shaba?" Mwinyihaji akauliza.

"Shaba fanya upendavyo. Naona yenyewe haijali." Akamtupia bomba la tatu. "Nilainishie hili upesi. Lori la Likoni laondoka alfajiri."

Mwinyihaji akalitia motoni hadi likaiva. Akalitoa kwa koleo, akalipeleka juu ya ndoo, akasita. Salem akatikisa funguo mlangoni.

"Chovya basi, bwana we!" Gershom akafoka. "Au tulale hapa?"

Akalichovya. Alihitaji kulishika, nalo lilikuwa moto.