Sakafu ya Vidole Vitatu

Mama alikuwa na sharti moja tu, na alilitoa akiwa mlangoni mwa gereji, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu anayeogopa kukanyaga kaburi.

"Hakuna mtoto wangu atakayelala tena chini ya gari," alisema. "Baba yako alilala hapo, akaamkia hospitali. Ukitaka kutengeneza magari ya watu, tengeneza. Lakini kulala, hapana."

Spana alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu alipokuwa anatambaa hakutaka mwanasesere. Alilala amekumbatia spana namba kumi na tatu, na ukimnyang'anya nyumba nzima haikupata usingizi. Alikua msichana wa aibu. Wateja wengine walidhani ni kiziwi, maana ukimsalimu alijibu kwa kuinamisha kichwa na kukimbilia boneti. Siku hiyo aliinua uso.

"Basi nitasimama, Mama."

"Utasimama wapi?"

"Chini ya gari."

Baba Mdogo, aliyekuwa amekalia tairi kuukuu akinywa chai, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Sikieni makubwa! Bubu wetu leo kasema, na alichosema ni kichekesho. Gari litakaa wapi, mwanangu? Kichwani kwako kama mtungi?"

Alikuwa mdogo wake baba, na kwa kazi alikuwa mwashi. Gereji ile ubavuni mwa nyumba aliijenga yeye: kuta zake, paa lake, sakafu yake ya zege. Tangu kaka yake aumie, miaka miwili iliyopita, alikuwa akikitupia chumba kile jicho. Alitaka stoo ya mbao zake na saruji yake. "Gereji bila fundi ni stoo iliyokosa mzigo," alipenda kusema. Na wazee walikuwa wamekubaliana hivi: Spana akipata njia ya kufanya kazi bila kulala chini ya gari, gereji yake. Akishindwa, funguo zinakwenda kwa Baba Mdogo.

Baba alisikiliza yote akiwa kwenye kiti chake, mkongojo mapajani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka na hautakunjika tena. Jeki iliteleza, gari likamlalia. Hivyo ndivyo kila mtu alivyosema. Mtaa mzima ulijua kwamba fundi yule hodari siku hiyo aliweka jeki yake ovyo. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu. Mtu akikosa kumbukumbu hupewa na majirani, naye alikwisha kuipokea ile aliyopewa.

"Uza pikapu yangu," alimwambia binti yake. "Kanunue lifti ya kuinulia magari."

*

Kabla ya kwenda dukani Spana alipima. Alipima urefu wa paa kwa ufito. Alipima upana wa mlango. Kisha akalipima gari refu kuliko yote yaliyowahi kuingia pale, gari la kusambazia mikate la mwanamke ambaye mtaa ulimwita Mama Mikate. Alilipima mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa juu, maana fundi akisahau mlango, lifti itamkumbusha kwa kutoboa paa.

Dukani, muuzaji alimwonyesha lifti ya nguzo nne. Gari linapanda juu ya reli mbili kama linavyopanda daraja, kisha daraja lote linainuka.

"Hii haina ugomvi, dada yangu. Inasimama yenyewe, haisumbui sakafu. Hata kipofu ataitumia."

Spana aliizunguka mara mbili. Alitazama reli, akawaza matairi yakiwa yamezikalia. Nusu ya kazi zake zilikuwa breki na shokomzoba, kazi za kuvua matairi. Gari likiwa limekalia matairi yake, utayavuaje?

Alinyoosha kidole kwenye ya nguzo mbili. Hiyo ina mikono minne inayoshika gari tumboni, matairi yakabaki yananing'inia huru.

"Hiyo ni ya wanaume," muuzaji alisema kwa upole, kama anayemwonea huruma.

"Ina boriti juu?" Spana aliuliza.

"Naam?"

"Boriti inayounganisha nguzo. Ikiwa juu, itagonga paa langu. Nataka ambayo mnyororo wake unapita chini."

Muuzaji alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akaenda kuleta kitabu.

Kitabu kilikuwa na michoro na namba, na namba hazikuwahi kumtisha. Ukurasa mmoja aliusoma mara tatu. Ulionyesha nguzo, bolti zake ndefu, na sakafu iliyokatwa kama kipande cha keki. Zege lisipungue sentimita kumi na tano. Nguzo mbili hazisimami zenyewe, zimeng'ang'ania sakafu. Sakafu ikiwa dhaifu, gari, nguzo na fundi wataanguka pamoja.

*

Fundi wa kufunga lifti alifika asubuhi na vyuma vyake. Alikuwa mnene, mwenye haraka, na kalamu sikioni. Alichora chini kwa chaki mahali pa nguzo.

"Zege lina unene gani?"

"Shibiri nzima!" Baba Mdogo alijibu kutoka mlangoni. "Nimelimwaga kwa mikono hii. Weka hata garimoshi."

"Basi nafunga."

"Bado," alisema Spana.

Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba fundi aliendelea kukaza drili yake. Spana alipiga moyo konde, akasogea, akasimama juu ya alama ya chaki kwa miguu yote miwili.

"Nitoboe kwanza. Nione."

"Uone nini, dada? Mwenyewe aliyejenga ameshasema."

"Mdomo si futi."

Baba Mdogo aliweka kikombe chake cha chai chini. "Unanipima mimi? Wewe niliyekubeba mgongoni?"

 Spana alichukua drili, akatoboa. Vumbi jeupe likapanda. Alitazamia kusikiliza kelele ile kwa muda mrefu, lakini mara drili ikadumbukia mpaka shingoni kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa, ncha yake ilikuwa imebeba mchanga. Akaingiza msumari shimoni, akaushika kwa kidole mahali zege lilipoishia, akauinua mbele ya watu.

Ilikuwa vidole vitatu. Chini ya hapo, mchanga mtupu, tena haukushindiliwa.

"Umetoboa penye ubovu," Baba Mdogo alisema haraka. "Kila sakafu ina pake pabovu."

Akatoboa pengine, ikawa vidole vitatu. Akatoboa pa tatu, ikawa viwili na nusu. Fundi wa lifti alirudisha kalamu sikioni akaanza kukusanya vyombo vyake bila kuambiwa.

"Funga tu," Baba Mdogo alimsihi. "Mbona magari yameingia humu miaka na miaka? Au irudishe lifti, mwanangu, uchukue ile ya nguzo nne. Au uache kabisa. Hakuna aibu kushindwa."

Lakini Spana alikuwa ameinama anatazama kitu kingine. Katikati ya sakafu palikuwa na kiraka cha saruji, mviringo, cheusi kidogo kuliko pengine. Alikuwa amekipita mara mia. Leo alijiuliza kwa nini sakafu ya shibiri nzima ihitaji kiraka.

Alichukua tindo na nyundo.

"Hicho achana nacho!" Baba Mdogo alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni mapambo tu."

Kiraka kilitoka kwa mapigo manne. Chini yake palikuwa na shimo la mraba, kingo zake zimepasuka kwenda chini, upana wake kama kiganja. Spana aliinuka, akaenda kwenye pembe ambako jeki ya baba yake ilikuwa ikishika kutu bila mtu wa kuigusa. Akaileta, akaiweka shimoni. Kitako chake kiliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Baba aliinua shingo kwenye kiti chake kando ya ukuta. Mama alikuwa amekuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Jeki haikuteleza," alisema Spana. Hakuteremsha macho. "Ilizama. Sakafu ndiyo iliyovunjika. Na kuna mtu alikuja akaziba tundu Baba akiwa bado hospitali."

"Niliona aibu," alisema Baba Mdogo. Alimtazama kaka yake, si Spana. "Kaka, siku ile ya zege vibarua walikuwa wachache, mvua inakuja, nikasema ni gari dogo tu litakaa humu. Nilipoona lile tundu... Ulikuwa umelala, hujitambui. Nikasema nizibe kwanza, nitakuambia ukipona."

"Nilipona," alisema Baba.

"Ulipopona watu walikuwa wameshasema ni jeki."

"Nawe ukasema nao," Mama alidakia. "Shemeji, ulikaa sebuleni kwangu ukala, ukasema mtu mwenye akili timamu huweka jeki vizuri. Nilikuwepo!"

 Kidole cha Baba kilikuwa kinapapasa goti lisilokunjika. Kisha akasimama kwa mkongojo wake, akaenda mpaka kwenye shimo, akaligonga mara moja kwa ncha ya fimbo. Kipande kikadondoka.

"Spana."

"Abee, Baba."

"Vunja yote."

*

Alivunja kwa siku tatu. Hakuita kibarua. Mikono ilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, akafunga vitambaa akaendelea. Majirani walipita wakichungulia. "Mnatafuta mali ya mkoloni?" mmoja aliuliza. "Natafuta chini," alijibu, na jirani akapita zake akishangaa kwamba kumbe anaongea.

Baba Mdogo alikuja siku ya nne na kolego lake la kuchotea zege, macho chini, akasema atamwaga upya bila malipo.

"Shikamoo, Baba Mdogo," alisema Spana. "Ahsante. Kolego niachie. Wewe kaa pale, utazame."

Alishindilia mchanga mpaka unyayo haukuacha alama. Akalaza nondo. Akagongomea vigingi vilivyochorwa mstari kwenye shibiri nzima, na hakuacha kumwaga mpaka zege likafunika kila mstari. Baba alikaa kwenye kiti akihesabu ndoo kwa sauti, na alipochoka kuhesabu akawa anaimba tu.

Kitabu kilisema zege lingojewe siku ishirini na nane kabla ya kufunga lifti. Siku ya saba Baba Mdogo alisema zege limekauka. Siku ya kumi Mama Mikate alikuja na gari linalolia kama mbuzi kila akikanyaga breki.

"Mwanangu, sakafu ni ngumu hii! Nimeipiga teke, kidole kimeuma."

"Bado siku kumi na nane."

"Mikate yangu italala!"

"Heri ilale mikate, mama, kuliko alale mtu."

Kila asubuhi alimwagilia zege maji kama mtu aliyepanda mboga, na watoto wa mtaa wakamwuliza litaota lini. Alivumilia yote. Hata usiku mmoja Baba alipomwambia polepole kwamba labda siku ishirini zingetosha, alitikisa kichwa.

Siku ya ishirini na nane fundi wa lifti alirudi. Safari hii hakumwuliza Baba Mdogo unene. Alimpa Spana drili, akasubiri.

*

Gari la mikate liliingia mchana. Spana alimwamuru Mama Mikate ateremshe trei zote kwanza.

"Zote? Mia na ushee?"

"Nyuma kukiwa kuzito litaning'inia mkia."

Mama Mikate aliteremsha huku akilalamika kwamba zamani mafundi walikuwa na heshima. Spana alipiga magoti pembeni, akasogeza mikono minne ya lifti mpaka kila mmoja ukakaa pale penye chuma kigumu, si kwenye bati. Akabonyeza kitufe. Gari likainuka shibiri moja, matairi yakaachana na ardhi. Akasimamisha. Akashika bampa akalitikisa kwa nguvu zake zote.

Halikucheza.

Akabonyeza tena. Ndani ya nguzo kufuli za kulizuia gari lisishuke zikaanza kuita, ka, ka, ka, pande zote mbili kwa pamoja. Gari lilipopita kimo chake alisimamisha, kisha akalishusha kidogo mpaka uzito wake wote ukakalia kufuli. Akatazama miguu ya nguzo. Zege lilikuwa limenyamaza, hata ufa wa unywele haukuwepo.

Alitembea akaingia chini, kichwa wima. Juu yake kulikuwa na ekzosi yenye kutu na matope ya barabara zote ambazo mikate ilipita. Kijiti kilikuwa kimenasa karibu na breki. Akakichomoa.

"Umesimama?" Mama aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amefumba macho.

"Nimesimama, Mama. Fumbua."

Mama alifumbua jicho moja, kisha la pili. Mguu wake uliokuwa nje akauingiza ndani.

Baba alikuwa amekwisha kufika chini ya gari na mkongojo wake. Miaka thelathini ya kazi ile alikuwa akiyatazama matumbo ya magari akiwa chali, mafuta yakimdondokea machoni. Aliweka kiganja kwenye chuma, akakiacha hapo.

"Kumbe ni pazuri," alisema.

Baba Mdogo alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Kipande kikubwa cha zege la zamani, chenye unene wa vidole vitatu, Spana alikuwa amekiweka mlangoni gari lilipokwisha kuingia, kuuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Ili uingie ilikuwa lazima ukiruke.

"Kitoe basi hicho, mwanangu," Baba Mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanakiona."

"Kinashika mlango vizuri," Spana alijibu. Alikuwa ameshaanza kulegeza nati za tairi la kwanza. "Ruka tu, Baba Mdogo. Karibu ndani. Sakafu hii haina neno."