Alhamisi za Kipolandi

Siku ile Salesio, katekista wa Muthara, alipotangaza baada ya misa kwamba padri mpya anatoka Poland, Mzee Mithika alikuwa ameketi benchi la tatu, katikati kabisa, mkewe Lenah kushoto na kaka yake Riungu kulia. Mtu anayetaka kutoka mbio hana mahali pabaya pa kukaa kama hapo.

"Bahati gani hii!" Salesio akasema, akipiga makofi peke yake. "Wengine wangehangaika kutafuta mkalimani. Sisi tuna Mzee Mithika. Mzee, hebu simama wakuone."

Mithika akasimama. Kanisa zima likageuka. Riungu naye, na miaka yake sitini na minane na magoti yake mabovu, akasimama bila kuitwa, akamshika mdogo wake bega kama mtu anayeonyesha fahali kwenye maonyesho ya kilimo.

"Huyu," akawaambia watu, "atamsalimu Fada kwa lugha ya mama yake Fada."

Mithika akatabasamu. Lenah, ambaye anazijua tabasamu zake zote, aliitazama hiyo moja akaona ni ngeni.

Maana ukweli ni kwamba Mithika hajawahi kufika Poland. Hajawahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mombasa, na kwaya, na alitapika njia nzima.

Lakini Poland aliijua. Kwa miaka thelathini na sita aliisimulia kwenye vibaraza vya Muthara, watu wakitafuna miraa, mpaka wengine wakawa wanaijua Poland kuliko Isiolo. Huko, alisema, theluji ikianguka watu huchimba handaki kutoka jikoni mpaka chooni, na asiyejua kona zake hutokea sebuleni kwa jirani, suruali mkononi. Huko kuku hutaga mayai yaliyokwisha kuganda kwa baridi, mama huyapasua kwa nyundo. Na kabichi! Kabichi moja aliiona kwa macho yake, ililiwa na kijiji kizima kuanzia nje kuingia ndani, na walipofika katikati wakamkuta mbuzi aliyepotea mwaka uliotangulia, amenenepa.

Tena alikuwa na sentensi. Moja tu, lakini aliitoa kwa sauti nzito, macho yamefungwa: *Nie uruchamiać silnika bez oleju.* Alisema ni baraka ya kale ya maharusi. Mabinti wa Muthara karibu arobaini waliolewa kwa baraka hiyo, akiwemo Kathure wake mwenyewe.

Sentensi ilitoka kwenye kitabu cha trekta.

Mwaka wa sabini na nane Mithika alikuwa kijana wa gereji katika shamba kubwa la ngano huko Timau. Yakaja matrekta mapya kutoka Poland, na kitabu chake kikaja kwa Kipolandi peke yake. Meneja akauliza nani anaweza kujaribu kukisoma. Mithika akasema ni yeye. Akakaa na kitabu wiki tatu, akilinganisha michoro na maneno: *olej* akaona ni mafuta, *silnik* akaona ni injini, basi akajiona amehitimu. Siku ya kwanza ya mavuno akawasha trekta. Injini ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikakwama, ikafa. Kabla jua halijatua Mithika alikuwa nje ya geti, koti mkononi, kitabu ndani ya koti.

Na nyumbani Muthara, mama yao, Celina, alikuwa ameshawatangazia watu wa sokoni kwamba mwanawe anasoma vitabu vya Wazungu. Angeingia kwa mlango gani? Akaandika barua: *Mama, shamba linanipeleka Poland nikasomee matrekta. Ndege ni kesho.* Akampa rafiki aliyekuwa akienda Nairobi aipeleke posta. Yeye akauzunguka mlima, akashuka mpaka kwenye joto la Ishiara, ambako hakuna aliyemjua, akawa hamali wa Gichovi, mnunuzi wa ndengu.

Alikuwa na miezi mitano huko mchuuzi mmoja kutoka Tigania alipokuja kununua ndengu, akaketi juu ya magunia kusimulia habari za kwao. Kuna mama amefariki Muthara, akasema, na leo ni siku ya saba mwili uko mochari, kwa sababu mwanawe mkubwa anamngoja mdogo wake arudi kutoka Poland. Mithika alikuwa na gunia mgongoni. Hakulitua. Alilifikisha stoo, akarudi kuchukua jingine.

Kutoka Ishiara mpaka Muthara ilikuwa safari ya siku moja.

Aliporudi nyumbani, miezi miwili baadaye, amevaa soksi nene za mtumba, Riungu alimkumbatia akalia. "Sikulaumu, ndugu yangu," akamwambia. "Huko ni mbali." Juu ya neno hilo Mithika akajenga handaki, mayai, kabichi na mbuzi. Ukiiondoa Poland, swali linabaki wazi: mama alipokuwa akizikwa, ulikuwa wapi?

Padri alifika Jumatatu. Jina lake lilikuwa Zbigniew, na kufikia Jumatano alikuwa Fada Bigi. Mithika hakwenda kumpokea. Alikuwa amefunga skafu ya mkewe shingoni na kupanda kitandani.

"Unaumwa nini, Baba Kathure?" Lenah akamuuliza.

Mithika akaonyesha koo. Sauti imekwenda.

"Aa, ni koo," Lenah akasema, akiweka uji kwenye stuli. "Mimi nilidhani ni Poland."

Alipotoka, Mithika akakivuta kile kitabu kutoka chini ya godoro. Panya walikuwa wamekula pembe zote. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza upya, mzee wa miaka sitini. Siku tatu alipigana na michoro ya klachi. Siku ya nne akasikia viatu uani, na sauti ya Salesio: "Fada, karibu, mgonjwa wetu yuko humu."

Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta. Dirisha lilikuwa na vyuma. Mlangoni waliingia watatu, Salesio, Riungu, na mtu mrefu mwekundu wa masikio, ambaye tangu apelekwe shule ya Kiswahili hakuwa amesikia lugha yake kwa miezi mingi. Fada alimwona Mithika akamwaga Kipolandi chote alichokuwa amekibana kifuani, maneno yakichemka kama sufuria iliyofunikwa.

Mithika akaonyesha koo.

"Fada, muungamishe," Riungu akasema. "Muungamishe kwa hicho Kipolandi chenu, koo litafunguka lenyewe. Sisi tunatoka."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Fada akavuta stuli, akavaa stola shingoni, akauliza kitu kwa upole, kisha akangoja. Akangoja sana. Mithika aliangalia ukuta, akaangalia vyuma vya dirisha, akaona hakuna tundu hata la mjusi. Akafumba macho.

"*Nie uruchamiać silnika bez oleju,*" akasema.

Fada akatoa macho. "Rudia."

Akarudia. Fada Bigi akaanza kucheka. Alicheka mpaka stuli ikalia na uji ukamwagika. Nje, Riungu akamwambia Salesio, "Umesikia? Wameshaelewana."

"Mzee," Fada akasema kwa Kiswahili chake cha shule, akikanyaga neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "umeniambia nisiwashe injini bila mafuta."

Mithika akafumbua macho. Miaka thelathini na sita, na kumbe kitabu kilikuwa kimemwonya. Na mabinti arobaini je?

"Nani alikufundisha?"

Basi akaeleza. Alianza na trekta, na Fada akacheka tena. Alipofika kwenye gunia la Ishiara, Fada hakucheka. Kuku akaingia chini ya kitanda na kutoka.

"Mwambie kaka yako," Fada akasema.

"Nipe rozari, Fada. Hata mia moja."

"Rozari utasali kitandani, kisha utalala. Mwambie."

"Siwezi. Wewe mwambie."

"Mimi mdomo wangu umefungwa. Haya uliyosema hapa nitakufa nayo. Wako haujafungwa." Akafikiri, akijikuna sikio jekundu. "Basi malipizi yako ni haya. Kila Alhamisi, saa nane, utakuja kwangu kujifunza Kipolandi. Cha kweli. Kuanzia somo la kwanza. Siku utakayomwambia Riungu, masomo yamekwisha."

Mithika aliona amepona kirahisi. Hakujua.

Kipolandi ni kichaka cha miiba. Ng'ombe ni mmoja, lakini akikamwa ana jina lake, akipigwa ana jina lake, akipewa majani ana jina lake, na ukimzungumzia akiwa hayupo anabadilika tena. Kuna maneno yasiyo na pa kuvutia pumzi, mtu anayatamka kama anafukuza nyuki mdomoni. Mithika alipiga chafya, akatema, akauma ulimi. Sebule ya Fada ilikuwa na mlango mmoja, na kiti cha Fada kilikuwa mbele yake.

"Umemwambia?" Fada aliuliza kila alipofika.

"Bado."

"Fungua daftari."

Muthara iliwaona Alhamisi hadi Alhamisi, ikasema: tazama wazee wanavyokumbushana mambo ya huko. Mwezi wa tatu wa masomo Riungu mwenyewe akaanza kumsindikiza. Alijivuta na magoti yake mpaka kwa Fada, akaketi pembeni na kikombe cha chai, akasikiliza masaa mawili bila kuelewa neno, akitikisa kichwa kwa fahari. Sasa Mithika alikuwa na Fada mlangoni na Riungu ubavuni.

"Mbona anakusahihisha sana?" Riungu akauliza siku moja njiani.

"Kipolandi kimebadilika. Hiki changu ni cha zamani."

"Aa."

Mwezi wa nane Riungu alimwita nyumbani kwake. Alikuwa amepaka chokaa msalaba mpya wa saruji wa kaburi la mama. Jumamosi kungekuwa na misa ya kumbukumbu.

"Mama alikufa akijivunia Poland," akasema, akifuta brashi kwenye majani, "na hajasikia hata neno lake moja. Utamwongelesha. Pale kaburini, mbele ya watu. Ndugu yangu, hilo tu nakuomba kabla magoti haya hayajanimaliza."

Mithika alikwenda kwa Fada siku hiyo hiyo, na haikuwa Alhamisi. "Nitungie cha kusema. Kifupi."

"Nimekupa maneno ya kutosha," Fada akasema, akiendelea kupalilia vitunguu vyake. "Chagua mwenyewe."

Jumamosi watu walijaa migombani. Baada ya misa Riungu alimshika mdogo wake bega, lile lile, akamsimamisha mbele ya msalaba. Nyuma yao watu, mbele yao saruji. Mithika alikuwa amekariri Baba Yetu ya Kipolandi; ingetosha, na mukimo ingeliwa ikiwa moto. Akafungua mdomo. Macho yakaanguka kwenye jina la Celina na tarehe mbili chini yake, ya kufa na ya kuzikwa. Siku tisa kati yake. Ghafla akatambua kwamba katika lugha hii angeweza kusema jambo lolote. Hakuna ambaye angejua ila Fada, na Fada amefungwa mdomo.

"*Mamo,*" akasema. "*Nie byłem w Polsce. Byłem w Ishiara. Przepraszam.*"

Mama, sikuwa Poland. Nilikuwa Ishiara. Nisamehe.

Akapumua kama mtu aliyetua gunia. Wanawake wakafuta machozi, maneno yalivyokuwa matamu. Kisha bega lake likaachiliwa.

"Nimesikia Ishiara," Riungu akasema.

"Hicho ni Kipolandi, Mzee," Salesio akamtuliza. "Labda ni mtakatifu wao wa huko."

Watu wakaguna kwa heshima. Mlango huo hapo, wazi, mpana, umefunguliwa na katekista mwenyewe. Mithika angesema ndiyo tu, na Mtakatifu Ishiara angeombwa mvua Muthara mpaka leo. Alimtazama Fada. Fada alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si mtakatifu," Mithika akasema. "Ni Ishiara ya ndengu. Nilikuwa huko."

"Lini?"

"Siku zile."

"Zipi?"

"Zile tisa."

Riungu akaketi polepole kwenye ukingo wa kaburi. "Nilienda uwanja wa ndege mara mbili," akasema. "Nikasimama pale nikiangalia kila mtu mweusi anayetoka. Mmoja nilimwita jina lako, akageuka, akanihurumia." Akainua macho. "Ulijua?"

Hapo pia palikuwa na tundu la kupenya, dogo.

"Siku ya saba nilijua. Nilikuwa nimebeba gunia."

Ni Lenah aliyegeuka, akawaambia akina mama kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chakula kinapoa, twendeni," na watu wakamfuata, hata waliotaka kubaki, Salesio akiwa wa mwisho, shingo imegeukia nyuma. Fada naye akaenda.

Wakabaki wawili na msalaba.

"Kesho asubuhi uje kwangu," Riungu akasema. "Unianzie siku ile ya kwanza. Ulikula nini, ulibeba nini, ulilala wapi. Kesho kutwa ya pili. Mpaka ya tisa. Ukiruka moja tunarudi mwanzo."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Mimi nimekaa kwenye hizo tisa tangu zamani, sijatoka."

Mithika akanyoosha mkono amwinue. Riungu hakuuchukua, aliushika msalaba, akajivuta juu, chokaa ikampaka kiganja chote. Akachukua hatua tatu kuelekea migombani, akasimama, hakugeuka.

"Na hiyo kabichi," akasema, "uiache nyumbani."