Mwamuzi Alphonse na Maduara ya Rangi

Alphonse alikuwa amechezesha mpira mjini Baraka kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mwamuzi aliyemshinda kwa mbio wala kwa filimbi. Lakini Jumapili ile wasichana wa Swima walikuja na jezi nyekundu, wale wa Baraka wakavaa za kijani, na Alphonse akawapa Swima penalti ambayo hata Swima wenyewe waliikataa.

Kesho yake asubuhi Jocelyne, kapteni wa Baraka, akampeleka dukani kwa Wilfried, mpiga fotokopi mwenye kompyuta.

"Papa Alphonse, iko muchezo mu ordinateur. Duara ya kijani ikitokea, finya mbio. Ikiwa nyekundu, acha."

"Mi na haya macho yangu?" Alphonse akacheka. "Leta!"

Akakaa, filimbi mdomoni kwa mazoea. Duara la kwanza likatokea. Alifinya na kupuliza kwa pamoja, mteja mmoja akaangusha karatasi zake zote. Likaja lingine, akafinya. Akafinya yote ishirini, jasho likimtoka.

Wilfried akasoma matokeo. "Mbio: très bien, muzuri sana. Rangi: kumi juu ya ishirini."

"Kumi si mbaya."

"Papa, hata muntu mwenye kufunga macho anapata kumi."

Alphonse aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Kwake maduara yote yalikuwa na rangi ya maharage yaliyoiva. Akakumbuka penalti zote za miaka kumi na mmoja.

"Usihuzunike, Papa," Jocelyne akasema. "Siku ya marudiano siye tutafunga bitambaa kichwani. Mwenye kitambaa ni Baraka. Basi."

Siku ya marudiano ilipofika, Alphonse alichezesha vizuri ajabu. Kila faulo ilikwenda panapostahili, hadi mashabiki wa Swima wakampigia makofi. Dakika ya themanini, Jocelyne akapiga pasi ndefu mbele. Wakati huohuo Mama Godelieve, muuza maandazi, kitambaa kichwani na beseni ubavuni, alikuwa anakatiza uwanja karibu na goli la Swima.

Filimbi ikalia. Alphonse akanyoosha mkono juu, ishara ya kuotea. "Hors-jeu, Baraka!"

Mama Godelieve akatua beseni chini, akashika kiuno.

"Hors-jeu ya nini, arbitre? Mi nilikuwa sawasawa na beki wa mwisho!"

Uwanja mzima ukamuunga mkono.