Ndizi Mbili za Mtani

Hasira zangu nimezaliwa nazo, anayebisha akamuulize mama yangu. Mwaka 1993, nikiwa kidato cha tatu hapa Morogoro, nilikuwa nimeshaanguka mara mbili kwenye majaribio ya kuingia Klabu ya Uongozi na Biashara. Mara ya kwanza mama mmoja alinibonyezabonyezea maparachichi, nikamwambia akabonyeze mashavu yake. Mara ya pili sisemi, naona aibu mpaka leo. Jaribio lenyewe ni kuuza mzigo mezani bila kugombana na mteja, na sheria ya klabu ilikuwa majaribio matatu, basi.

Na nilikuwa naitaka ile klabu, jamani! Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, aliyeitwa mlanguzi jana leo anaitwa mfanyabiashara. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani, anashinda uani na redio yake, na nyumbani sote tunaimba biashara, biashara, hakuna hata mmoja anayeijua. Klabuni ndiko ilikofundishwa. Lakini nikisema kweli tupu, nilitaka kuwa kama Devotha.

Devotha alikuwa mwenyekiti wa klabu, kidato cha nne, Mluguru mwenzangu. Ila yeye ni wa milimani hasa, mimi wa mjini niliyejua Kiluguru cha kusalimia bibi tu. Mfupi, sketi imepauka, raba zimeshonwa kwa uzi mweusi, na juu yake aproni ya klabu, inayovaliwa na wanachama tu. Hapandishi sauti, na walimu wanakaa kimya kumsikiliza. Kibanda cha klabu pale getini alikianzisha kwa ndoo moja ya karanga za Gairo. Nilikuwa nasimama kumwangalia anavyofunga karanga kwenye karatasi mpaka nasahau kengele. Sijaona mtu wa vile tena.

Jaribio langu la tatu liliangukia siku ya mechi, shule nzima uwanjani pamoja na wazazi. Nikapanga mezani chana zangu za ndizi kisukari. Nilikuwa nimeapa: leo hata nikitemewa mate, nitasema asante. Devotha kakaa pembeni na daftari lake.

Hata chana ya pili sijauza, akaja Mzee Kasimiri, mlinzi wetu wa getini, Mnyamwezi wa Tabora, na kofia yake ya sufu jua kali lile. Salamu hakuna. Akanyofoa ndizi, akamenya, akala. Akanyofoa nyingine. Kisha akawageukia watu, mdomo umejaa:

"Afadhali! Watumwa wangu Waluguru wameanza kulima!"

"Mzee, lipa," nikasema.

"Nilipe shamba langu mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi damu ikanipanda. Nikamdaka mkono. "Mwizi wewe! Mzee mzima, huna haya!"

Kicheko kikakatika. Ndipo nikakumbuka, maji yameshamwagika. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani! Bibi alinieleza mara ngapi? Mtani akichukua chako hukasiriki, nawe unachukua chake, mnatukanana, mnacheka, na siku ya msiba yeye ndiye wa kwanza kufika. Kumwita mtani mwizi mbele za watu ni kumkana. Mzee Kasimiri akaliweka ganda mezani polepole. Uso ulikuwa umemshuka. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta hela anilipe, na hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi.

Devotha alikuwa ameshainuka. Mimi hakunitazama kabisa. Akamwendea mzee, akamvua kofia, akapanda juu ya kiti changu na kuiinua kila mtu aione.

"Jamani! Mpagazi huyu katua mzigo kabla ya kufika pwani! Kofia yake tumeikamata, na hairudi mpaka meza hii iwe tupu!"

Mzee akajishika upara kwa mikono miwili. "Nakufa mie! Njooni mnikomboe, jua linaniua!" Uso ukamchangamka, akaanza yeye mwenyewe kuwavuta watu kwa mikono. Mama yake Fiza wa darasani kwetu, mwenye duka la vitambaa mjini, akabeba chana tatu huku akicheka mpaka machozi. Kipindi cha pili hakijaanza, meza tupu.

Jumatatu tukaitwa kikaoni. Mwalimu Severin, mlezi wa klabu, akasema, "Josephina kamaliza mzigo wote. Nadhani amefuzu." Wanachama wakapiga meza. Devotha ananitazama tu. Nami ningenyamaza, ningekuwa nimeshaingia.

"Sikuuza mimi," nikasema. "Ameuza Devotha, na mzee niliyemwita mwizi." Nikaanza kulia, na safari hii hasira zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe.

Devotha akafunga daftari. "Basi nafasi usituombe sisi. Kamwombe mtani wako. Akisema umo, umo."

Nikaenda getini. Mzee Kasimiri ndio kwanza anakaa kula, bakuli la wali na maharage liko mbele yake kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikapiga goti. "Mzee, nimekuja kuomba radhi kwa—"

"Radhi huombwa na mgeni," akanikata. "Kumbe wewe ni mgeni kwangu?"

Nikabaki na goti langu chini. Nikatazama bakuli, bado linatoa mvuke, hajaligusa. Nikikosea hapa nimekwisha. Nikainuka, nikalichukua bakuli na kijiko chake, nikaketi chini, nikala. Kijiko cha kwanza. Cha pili.

"Hayana chumvi," nikamwambia. "Ndiyo maana nyie wapagazi mlikuwa hamfiki pwani."

Alinikodolea macho, nami nikaendelea kutafuna. Kisha akacheka, mzee wa watu, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Devotha!" akapiga kelele kuelekea kibandani. "We Devotha! Mchukueni mtumwa wangu huyu, ananimalizia chakula!"

Devotha akaja mbio, akalichungulia bakuli, akacheka kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu nimjue. Akavua aproni yake ya klabu na kunivalisha pale pale chini nilipokaa, maharage bado yako mdomoni.