Breki ya Jared na Jabali la Mghange

"Nikibonyeza hapa," Jared alisema, akiinua rimoti juu kama padri anayeinua kikombe, "hata treni ya Mombasa itasimama na kuomba msamaha."

Treni haikusimama, wala haikuwa na habari. Walikuwa uani kwao, Voi, na gari lililokuwa likizungumziwa lilikuwa limelazwa chali juu ya gunia, matumbo nje kama mbuzi wa Krismasi. Lilikuwa gari la rimoti, urefu wake kama mkono tangu kiwikoni hadi vidoleni, lenye magurudumu makubwa na springi laini za kutambaa juu ya mawe.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake Moureen, aliyelijenga mwenyewe chuoni Mombasa muhula mzima. Jumatatu walimu wake wangelikagua. Lilikuwa mradi wake wa mwisho; bila gari hakuna cheti. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kupanda lilipanda kama kenge, lakini kushuka liliporomoka kama mtu aliyesikia harufu ya pilau, maana mota yake haikuwa na ubavu wa kulizuia mteremkoni.

"Niachie mimi hiyo," Jared alimwambia. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, na tangu siku hiyo hakuna kitu duniani alichokubali kuwa hakijui.

Tusimwonee lakini, kazi aliifanya. Kwenye shafti inayopeleka nguvu magurudumuni alifunga kisahani cha chuma, duara dogo kama sarafu, alichokatiwa na fundi wa jua kali karibu na stendi. Shafti ikizunguka, kisahani nacho kinazunguka. Pembeni akaweka vikoleo viwili vya spoku ya baiskeli, na kwenye ncha zake akagundisha vipande vya breki kuukuu ya bodaboda, alivyovisugua kwenye simiti mpaka vikawa vyembamba kama kucha. Ukibonyeza rimoti, kimota kidogo kinavuta spoku, vikoleo vinabana kisahani, shafti inagoma, na magurudumu yote manne yanaganda kwa mpigo.

Walilijaribu juu ya ubao ulioegemezwa ukutani. Gari likashuka, Jared akabonyeza, likaganda pale kama mjusi aliyeona paka. Moureen akapiga makofi.

Ila lilipokuwa likiganda lilitoa sauti. Kwiiii!

"Hiyo ni breki ama mnachinja?" akauliza Bernard, binamu yao, mtu ambaye hakualikwa lakini hakukosa. "Peleka gari hospitali, lina pumu."

Watu wakacheka, hata mama yake Jared ndani, aliyekuwa kwenye cherehani. Sasa, Jared alipenda sana watu wacheke, mradi mwenye kuchekesha awe yeye. Walipoingia kula, akabaki nyuma. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Voi angelifanya. Kwa vumbi letu jekundu, mlango ukilia unapakwa mafuta, wilbaro ikilia inapakwa mafuta, na kama ingewezekana hata jogoo wa jirani angepakwa. Akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akadondoshea kisahani tone moja, la pili, na la tatu la baraka. Akalizungusha gurudumu na kubonyeza. Kimya kitamu. Akatabasamu, akaenda kula.

Hakulijaribu tena juu ya ubao. Jambo lililokwisha kufaulu lijaribiwe la nini?

Jumamosi wakapanda Mghange, kijiji cha milimani, kwa marehemu babu yao, kwa sababu Moureen alitaka kuwapelekea walimu video ya gari likishuka mwamba wa kweli. Miamba ilikuwa miwili. Mmoja mdogo, karibu na kanisa, mpole kama mgongo wa ng'ombe. Mwingine ulikuwa jabali la nyuma ya nyumba, ambalo chini yake kulikuwa na ukanda wa majani, na baada ya majani, fighi.

Fighi ni kimsitu cha wazee wa kale. Hapakatwi kuni, hapaokotwi kitu. Watu wa Mghange ni wa kanisa, tena wa kuimba kwaya. Lakini mpira ukivuka ukaingia fighi, utaona kila mmoja anakumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Kitu kikishaingia, wazee hukaa kikao kwanza. Na kikao cha wazee hakina habari na Jumatatu.

"Twende kwa lile jiwe la kanisani," Moureen alisema. "Hapa likiteleza, mimi nimekwisha."

"Liteleze na breki yangu? Dada, usinivunjie heshima mbele ya milima."

"Breki yenyewe imenyamaza," Bernard akasema. "Imepona pumu?"

"Nimeiombea."

Moureen akashusha pumzi, akashika simu kuanza kurekodi. Gari likatambaa juu ya jabali, gurudumu moja likipapasa, lingine likishika, zuri hata Bernard akasahau kudharau. Likafika mgongoni, likainamisha pua, likaanza kushuka. Jared akangoja lishike kasi kidogo ili ionekane vizuri kwenye video. Akabonyeza.

Kimya kitamu. Gari likaendelea.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Bonyeza tena basi!"

Alibonyeza mpaka kidole kikawa cheupe. Vikoleo vilikuwa vimebana kweli, lakini kisahani kilipita katikati yake kama kambare mikononi mwa mlevi. Gari likaruka ukingo, likapotea. Wakasikia kishindo, kisha cha pili, kisha mchakacho wa majani, kisha ndege wakiendelea na mambo yao.

Hapo ndipo matone matatu ya mafuta ya cherehani yalipomjia Jared akilini, moja baada ya jingine. Breki kazi yake ni kukwaruza, na yeye alikuwa ameinyima mkwaruzo ili Bernard asicheke.

Moureen hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi tu juu ya jabali, simu mkononi ikirekodi mawingu. "Jumatatu, Jared," alisema, basi.

"Ngojeni hapo hapo!" Jared alisema, sauti imepanda juu kama ya mtoto wa darasa la tatu. "Jiwe linateleza! Naenda mimi!"

Akazunguka mbio kupitia mashamba ya matuta, akitaja majina ya watakatifu hata ambao si wa dhehebu lake. Alipofika chini akaona taa za gari. Zilikuwa zinawaka. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, zima kabisa, limeegemea mzizi. Ila mzizi ulikuwa ndani ya fighi, hatua kama mbili kutoka kwenye majani.

Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Kwenye tuta la jirani kulikuwa na mgomba uliotegemezwa kwa mti mrefu wenye panda, maana mkungu wake ulikuwa mzito. Akauchomoa. Akalala kifudifudi, vidole vya miguu vimeng'ang'ania majani ya nje, kifua mpakani kabisa, akausukuma ule mti ndani polepole. Hesabu yake ilikuwa kwamba mti si mtu.

"Hodi wazee," akanong'ona. "Siingii. Ni mti tu unapita."

Panda ikateleza, ikateleza tena, kisha ikanasa bampa. Akavuta. Gari likaja likirukaruka kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Lilipofika mikononi alilikumbatia, akabusu tairi, akala udongo, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Shafti nzima, springi nzima! Kisahani angekifuta kwa petroli, na mfukoni alikuwa na kipande kingine cha breki ya bodaboda cha kutengeneza pedi mpya. Kufikia Jumatatu breki ingelia kwiiii, na ilie inavyotaka.

Lililobaki, akawaza, ni watu kujua. Na ilimlazimu nani kujua?

Akalipandisha gari mpaka kwenye kijukwaa cha mwamba chini ya ukingo, akalielekeza bondeni, akachomeka kijiwe chini ya gurudumu la mbele, akarudi nyuma kidogo, akaita: "Njooni muone! Imeshika! Ilichelewa tu!"

Moureen alishuka akitumia makalio zaidi ya miguu. Alipoliona gari akapiga magoti, akaligusa kila upande, kisha akamkumbatia kaka yake kwa nguvu mpaka rimoti ikamchoma mbavu. "Nilikuwa nimeshaaga," alisema, akicheka na kulia. "Wallahi nilikuwa nimeshaaga."

"Na ule mshindo?" Bernard akauliza.

"Jiwe liliporomoka."

"Na haya majani kwenye bampa?"

"Bernard, huku ni Mghange. Majani yapo."

Moureen akainua simu. "Hebu eleza, niwaonyeshe walimu."

Jared akasafisha koo. Akaeleza kisahani, akaeleza vikoleo, akaeleza jinsi breki ya shafti isivyo na haraka, inavyompima kwanza adui. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya imani ya fundi katika kazi yake, sauti ilipotoka kwenye tuta la juu. Alikuwa Nyanya Wakesho, jirani, ameketi katikati ya maharagwe yake na beseni mapajani, na kwa jinsi beseni lilivyojaa, hakuwa amefika sasa hivi.

"Jared mjukuu wangu," alisema kwa upole, "mahubiri ni mazuri. Lakini ule mti wangu uliovulia gari huko fighi urudishe, mkungu umeshalala chini." Akatupa ganda la haragwe. "Hicho kijiwe ulichoweka chini ya gurudumu si changu. Kaa nacho."

Simu ya Moureen ilikuwa bado inarekodi.